Vichupa Sita vya Bombambili

"Andika hivi, afande," alisema Jovina Mbawala. "Andika kwamba nimekataa."

Inspekta Oliva Luambano aliiacha kalamu yake hewani. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano ya tarehe nane Julai, na baridi ya Songea ilikuwa imeingia mpaka ndani ya mafaili. Mbele yake alikaa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, amejifunga mtandio wa sufi shingoni. Mikono yake ilitulia juu ya meza kama ya mtu anayesubiri chakula.

"Umekataa nini? Kosa au maelezo?"

"Vyote viwili. Dawa sikuiba. Na ile karatasi ya Dokta Leonce siisaini, hata ukiniweka ndani mpaka Krismasi."

Oliva akaliandika kama lilivyosemwa.

Malalamiko yaliyokuwa kwenye jalada yalikuwa mafupi. Dokta Leonce, mkurugenzi wa maabara ndogo ya utafiti wa saratani ya macho mtaa wa Bombambili, alidai kwamba mtaalamu wake huyu alifungua vichupa sita vya dawa adimu, akaitoa dawa, akajaza maji, kisha dawa yenyewe akampa kwa siri baba wa mgonjwa mmoja. Jumatatu Jovina alikamatwa. Jioni ileile mjomba wake akamdhamini, na sasa alitakiwa kuripoti kituoni kila asubuhi. Ijumaa saa nne angefikishwa mbele ya hakimu. Mwendesha mashtaka alikwisha kusema kwamba jalada limekamilika.

Oliva hakupenda majalada yanayokamilika kabla yeye hajayafungua.

"Nieleze hiyo dawa ni nini," alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua, maana sijui."

Jovina akamtazama kwanza, kama anayepima iwapo swali ni la kweli. "Mwili una askari wake, afande. Askari hao hutumiana ujumbe kwa protini. Mojawapo inaitwa intaferoni. Sisi tunaotesha seli za saratani zilizotoka kwenye jicho la mtoto aliyefanyiwa upasuaji. Intaferoni ikizigusa, seli zile huotesha vishikio juu ya ngozi yake, na askari wa mwili akipita anapata pa kushika. Bila vishikio, anateleza anakwenda zake."

"Kwa hiyo ni tiba?"

"Bado! Hapo ndipo watu wanapopapatika. Kishikio hichohicho kinaweza kumsaidia askari, na kinaweza kuisaidia saratani kujibandika pengine mwilini. Hatujui ni heri au shari. Ndiyo sababu hatutakiwi kudanganya hata nukta moja."

"Mnavionaje hivyo vishikio?"

"Tunazipaka seli rangi inayong'ang'ania vishikio tu. Ukiangalia kwa darubini, vilipo panawaka kijani. Visipokuwapo, giza." Alikunja ngumi, akaikunjua. "Mei ziliwaka vizuri. Tarehe mosi Juni tukapokea shehena mpya, nikaigawa kwenye vichupa vinane. Viwili akapewa mwalimu wangu, Mama Beata, chuoni kwake afundishie. Sita vikabaki kwenye friza yetu. Tarehe kumi na tano nikaanza jaribio kwa hivyo sita, nikachota kidogokidogo. Tarehe kumi na saba nikasoma. Giza tupu. Nikaandika daftarini: hazikuwaka. Tarehe kumi na tisa Dokta akaniletea ripoti ya kupelekewa wafadhili. Inasema ziliwaka, tena kuliko Mei, na chini kuna nafasi ya jina langu."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba siandiki nisichokiona."

"Nani anagusa friza ile?"

"Mimi, Dokta, na Kajetani mlinzi akiwa na funguo. Lakini Jumatano ya tarehe kumi niliifunga mwenyewe, nikatia lebo ya tarehe ndani, kila kitu salama. Alhamisi nikaenda Mpitimbi kumzika bibi yangu, nikarudi Jumapili jioni."

"Nani alikuona huko?"

"Nilisoma somo la kwanza kwenye misa ya mazishi," Jovina akajibu. "Waulize waumini mia tatu."

*

Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vitano yenye bati jekundu, imezungukwa na ua wa michongoma. Dokta Leonce alimpokea Oliva mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, sweta ya buluu, sauti ya pole, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Imeniuma sana, afande. Yule binti nimemlea kikazi."

"Pole. Umejuaje kwamba vichupani mna maji?"

"Seli hazikuitikia. Dawa ingekuwamo, zingeitikia. Hakuna maelezo mengine."

"Hakuna mengine," Oliva alirudia, akaandika, akamgeuzia daftari. "Tia saini hapo, tafadhali."

Dokta akatia saini bila kusita.

Chumba cha seli kilikuwa na joto la kupendeza kwa sababu ya kabati la kuoteshea. Friza ilisimama pembeni, imechomekwa kwenye soketi iliyokuwa na alama nyeusi ya kuungua. Juu yake lilining'inia daftari la joto, lenye safu mbili kila siku, asubuhi na jioni. Oliva alifunua Juni. Kuanzia tarehe kumi na moja hadi kumi na nne, kila mstari ulisema ishirini chini ya sifuri, na mbele ya kila mstari kulikuwa na herufi J.M.

Alipiga picha kurasa zile, akafungua friza, akachuchumaa.

Mama yake Oliva aliuza barafu za ukwaju pale Mfaranyaki kwa miaka kumi na saba. Kwa hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo Oliva alilijua kuliko madaktari wengi. Ukungu unaojiganda wenyewe kwenye kuta za friza ni mweupe, una ungaunga kama wa muhogo. Barafu inayong'aa kama kioo ni nyingine. Hiyo ilikuwa maji kwanza. Na chini ya friza hii palikuwa na bamba la barafu ya kioo, unene wa kidole. Ndani ya bamba lile, imelala chali kama dagaa kwenye sinia, ilikuwapo lebo ndogo ya karatasi. Alimulika kwa tochi ya simu. Wino ulikuwa umetawanyika lakini ulisomeka: 10/6, J. Mbawala.

Lebo iliyoandikwa tarehe kumi ilikuwa imezama majini, na maji yakaganda upya.

"Kuna tatizo?" Dokta aliuliza nyuma yake.

"Friza hii imewahi kuzimika?"

"Haijawahi. Daftari liko hapo."

"Nimeliona." Oliva akainuka, akamwita Koplo Amedeus, aliyekuja naye, alete kasha la barafu. "Navichukua vichupa sita. Ni vielelezo."

Kwa mara ya kwanza sauti ya pole ilipanda. "Haiwezekani! Vikitoka humu vitaharibika."

Oliva alimtazama usoni. "Dokta, kama ni maji, vitaharibikaje?"

Akavipanga vichupa kwenye kasha, akalifunga kwa utepe, akabandika lakiri, na Dokta akabaki anachezea kifungo cha sweta yake.

Walipofika uani, Dokta aliwafuata. "Msipoteze muda na friza. Nendeni kwa Swalehe, baba wa yule mgonjwa, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo. Amefikia kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga. Mtavikuta vichupa vyetu ndani."

*

Na kweli vilikuwamo.

Swalehe alikuwa mtu mrefu, mikono yake imepigwa kahawia na utomvu wa majani ya tumbaku. Alikuwa ameketi barazani, binti yake Zena wa miaka sita akichora chini kwa kijiti. Jicho la kushoto la mtoto lilikuwa la bandia. La kulia liliwafuata askari kila hatua.

"Asalaam alaykum," Oliva alisema.

"Waalaykum salaam. Mmekuja kupekua? Pekueni. Sina mlango wa siri."

Dakika kumi baadaye Koplo Amedeus alitoka na mkebe wa majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na vichupa vitatu vidogo vyenye vifuniko vya maabara. Uso wa koplo uling'aa. Oliva alikifungua kimoja, akakiinamisha juu ya kiganja chake. Hakikutoka kimiminika. Zilimwagika punje ndogo za kahawia, laini kama vumbi la barabarani.

"Nini hiki?"

"Mbegu ya tumbaku," alisema Swalehe. "Ukipiga chafya umepoteza shamba zima. Nilimwomba Jovina vichupa vitupu, akanioshea vitatu. Kama kumpa mkulima chupa tupu ni wizi, nifungeni pingu na mimi."

Oliva alizirudisha mbegu chupani taratibu, punje kwa punje, mpaka kiganja kikawa cheupe. "Watu wanasema ulikwenda maabara ukafoka."

"Nilifoka. Sikatai." Alisimama. "Jicho la mwanangu lilitolewa mwaka juzi. Wakaniambia, mzee, turuhusu ugonjwa wake tuuoteshe kwenye chupa, tujifunze, huenda tukaliokoa hili lililobaki na macho ya watoto wengine. Nikaweka saini. Tangu hapo kila mwezi napanda basi naja kuuliza: mmejifunza nini? Jovina ananijibu. Akijua ananiambia anajua, asipojua ananiambia hajui. Yule mkubwa ananishika bega tu, ananiambia tumefaulu. Tumefaulu nini? Hasemi."

"Ulifoka siku gani?"

"Jumamosi. Tarehe kumi na tatu Juni, maana kumi na nne nilikuwa na harusi kwetu. Nafika, Jovina hayupo. Kajetani ananizuia mlangoni, tambara mkononi, maji yanatiririka koridoni mpaka nje. Ananiambia, rudi Jumatatu mzee, friza imelia machozi. Nikasema mimi sikutoka Namtumbo kuja kutazama maji. Ndipo Dokta akatoka humo ndani, suruali imekunjwa mpaka magotini, akanifukuza kama mbwa."

"Dokta mwenyewe alikuwapo? Jumamosi hiyo?"

"Kwa macho yangu mawili," alisema Swalehe, kisha akamtazama binti yake.

*

Mama Beata alistaafu kufundisha maabara miaka mitano iliyopita, lakini chuo kilimrudisha kwa mkataba, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukaa kwenye kiti chake. Nusu ya wataalamu wa maabara wa mkoa walipita mikononi mwake, na wote walimwogopa bado.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Weka kasha hapo, ukanawe mikono. Askari hushika kila kitu."

Jovina aliposimamishwa kazi, Mama Beata alizichukua baadhi ya seli za Zena, akazitunza katika kabati lake mwenyewe. Na katika friza yake alikuwa na vile vichupa viwili vya shehena ya Juni. Dawa ilikuwa moja, iliyogawanywa siku moja na mkono mmoja, ikalala kwenye friza mbili tofauti. Oliva alipolisikia hilo alivuta kiti.

"Mama, nataka kujua mambo mawili. Je, hivi sita vina maji? Na kama si maji, dawa iliyomo inafanya kazi? Lakini wewe usijue kichupa kipi ni kipi. Wakili wa Dokta atasema ulimpendelea mwanafunzi wako."

"Atasema kweli, nampenda," Mama Beata akajibu. "Kwa hiyo nifumbe macho."

Oliva akampeleka nje ya chumba. Mbele ya Koplo Amedeus alichota kidogo kutoka kila kichupa, vile sita, vile viwili, na cha tisa akaweka maji matupu. Alivipa namba kwa kuokota vikaratasi kofiani, orodha akaifunga kwenye bahasha, wakatia saini wote wawili juu ya gundi. Ndipo akamwita mwalimu.

Rangi ya kwanza ilikuwa ya kutambua protini. Ilikuwa ya hudhurungi; ikikutana na protini hugeuka buluu. Mama Beata alitia tone katika namba moja. Buluu. Namba mbili, buluu. Namba tano ilibaki hudhurungi. Alipomaliza, mirija minane ilikuwa ya buluu kwa kiwango kilekile, na mmoja ulibaki kama ulivyokuwa.

Oliva aliihesabu mara mbili. "Mrija wa maji ni mmoja tu. Yale niliyoweka mimi."

"Basi hakuna aliyemimina kitu."

"Lakini Jovina alisoma giza. Kama dawa imo, mbona seli hazikuwaka?"

Mama Beata aliondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Mwanangu, yai bichi ni yai. Ukilichemsha, bado ni yai, uzito uleule, ganda lilelile. Lakini mpe kuku alilalie mpaka mwaka uishe, hutaona kifaranga. Intaferoni ni vivyo hivyo. Joto likiingia, inabaki chupani na imekufa. Rangi hii haijui kilicho hai na kilichokufa. Seli ndizo zinazojua."

"Zitajibu lini?"

"Naziwekea sasa hivi, saa tisa. Njoo Ijumaa saa mbili asubuhi."

"Mahakama ni saa nne."

"Seli hazina habari na mahakama."

Oliva alibandika lakiri kwenye kabati la kuoteshea, akamwacha Koplo Amedeus mlangoni.

Alhamisi alikwenda mwenyewe Mpitimbi kwa pikipiki ya kituo, vumbi jekundu likamjaa mpaka kwenye kope. Katekista alimfungulia kitabu cha mazishi. Mwenyekiti wa kijiji alimwonyesha picha za simu: Jovina akisoma kanisani Ijumaa, Jovina akigawa chakula Jumamosi, Jovina kaburini katika mwanga wa Jumapili asubuhi. Shangazi mtu akasema kwamba mtoto hakutoka hata kwenda dukani.

Akiwa njiani kurudi, mkuu wake wa kazi alimpigia simu. "Oliva, mwendesha mashtaka anaulizia jalada. Una uhakika na hiki unachokifanya?"

"Sina, afande. Ndiyo maana silifungi."

"Na Ijumaa saa nne ikifika?"

"Nitasimama mbele ya hakimu niseme hivyohivyo."

"Haya," sauti ikasema mwishowe. "Lakini saa nne ni saa nne."

*

Ijumaa saa mbili kamili, Oliva alikagua lakiri, akaikata. Mama Beata alizipaka seli rangi, akazima taa, akainama juu ya darubini. Alisoma namba kwa sauti, na koplo akaandika.

"Moja, giza. Mbili, giza. Tatu..." Akarekebisha darubini. "Tatu, kijani. Kijani kibichi! Nne, giza. Tano, giza. Sita, giza. Saba, kijani. Nane, giza. Tisa, giza."

Oliva alichana bahasha. Namba tano ilikuwa maji yake. Namba tatu na saba zilikuwa za Mama Beata. Sita zilizobaki zilikuwa za Bombambili.

Saa mbili na dakika hamsini walikuwa ofisini kwa Dokta Leonce. Jovina alikuwa ameitwa, akasimama karibu na dirisha bila kuvua mtandio. Kajetani mlinzi, mzee mwenye koti la jeshi la zamani, alikaa ukingoni mwa benchi. Swalehe, aliyekuwa mjini na Zena kwa miadi ya kliniki, alipita hapo, akaambiwa asubiri koridoni. Hakusubiri. Aliingia, akasimama mlangoni na mwanawe begani, na Oliva hakumtoa.

"Dokta," Oliva alianza, "juzi uliniambia vichupani mna maji, ukatia saini. Hamna maji. Dawa imo yote, haikupungua tone. Hakuna aliyeiba."

"Basi amechakachua kwa protini nyingine. Anajua sana huyo."

"Tuseme hivyo. Alichakachua lini?"

"Kabla ya jaribio lake. Kabla ya tarehe kumi na tano."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

"Vizuri." Oliva aliweka mezani ripoti ya wafadhili, nakala aliyoletewa Jovina aisaini. "Wewe hapa umeandika kwamba tarehe kumi na nane na kumi na tisa ulifanya jaribio kwa vichupa hivihivi sita, ukaona seli zimewaka kuliko Mei. Kama dawa ilikuwa imekwisha kuharibiwa kabla ya tarehe kumi na tano, wewe uliona nini?"

Dokta aliivuta ripoti karibu, akaifunika kwa kiganja.

"Hukuona kitu," Jovina alisema kutoka dirishani. "Ile ni picha yangu ya Mei. Umeigeuza juu chini. Nilikwambia siku ileile."

Oliva hakumtazama. Alimgeukia mlinzi. "Mzee Kajetani, shikamoo."

"Marahaba."

"Tarehe kumi na tatu Juni ulikuwa na tambara mkononi. Ulikuwa unakausha nini?"

Kajetani alimtazama bosi wake, akatazama sakafu, mwisho akamtazama mtoto aliyekuwa begani kwa baba yake.

"Ni jiko," alisema. "Baridi ilikuwa kali, mwanangu. Alhamisi jioni nilichomeka jiko la umeme nichemshe chai, palepale kwenye soketi ya friza. Ikalia pwaa, swichi ikajikata. Nikadhani imekatika ya jiko peke yake. Jumamosi asubuhi nakuta maji yametoka chini ya mlango. Nikampigia Dokta palepale, sikuficha! Nilimwambia ni mimi. Akasema, kausha, washa, nyamaza. Jumapili akaniletea daftari la joto akaniambia niandike mistari ile, niweke J.M. Nikamwambia Jovina hayupo. Akasema, ndiyo vizuri."

"Mzee anachanganyikiwa," alisema Dokta.

"Chini ya friza yako kuna lebo ya tarehe kumi ndani ya barafu ya kioo," Oliva akasema. "Barafu haichanganyikiwi."

Hapo Dokta Leonce aliketi. Alipozungumza tena sauti yake ya pole ilirudi, na hii ndiyo ilikuwa hatari zaidi. "Sikilizeni. Sikupata senti. Wafadhili walitaka matokeo Juni, la sivyo wangefunga mlango. Shehena nyingine inachukua miezi mitatu. Mei seli ziliwaka, sivyo? Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kweli, nimelitanguliza tu. Huyu binti akaandika giza kwenye daftari, wafadhili wakaomba daftari, ikabidi giza lile lipate mwizi... Mkinitoa leo, kesho maabara hii inafungwa. Mzee Swalehe, mwulize afande: mwanao utampeleka wapi?"

Wote walimgeukia Swalehe. Alimshusha Zena chini, akamshika mkono.

"Unanitishia na mwanangu?" aliuliza polepole. "Mimi nikikausha tumbaku vibaya, sipaki rangi majani. Naonyesha hasara yangu sokoni na watu wanacheka. Wewe umepaka rangi ugonjwa wa mtoto. Ungeona kijani cha uongo leo, kesho ungemdunga nini? Amebakiwa na jicho moja, Dokta. Usilifiche kitu."

"Wakifunga, wafunge," alisema Jovina. "Nitaotesha seli kwa Mama Beata. Nitaotesha jikoni kwangu ikibidi."

"Jikoni kwako hapana," Oliva alisema. "Dokta Leonce, simama. Upo chini ya ulinzi kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi na kughushi nyaraka. Mzee Kajetani, utakuja kuandika maelezo. Utayaandika kama ulivyoyasema hapa, na jiko lako limo."

"Limo," alisema Kajetani.

Mwendesha mashtaka alipokea simu saa tatu na dakika ishirini. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali matatu, yote mazuri. Saa nne na robo mahakamani shauri dhidi ya Jovina Mbawala liliondolewa. Jovina alisimama kizimbani akasema kwamba haridhiki kuondolewa tu. Alitaka iandikwe kwamba hakuna kilichoibwa. Hakimu alimtazama juu ya miwani, kisha akaandika.

*

Nje ya mahakama Swalehe aliwangoja kwenye jua hafifu, Zena akimenya muwa kwa meno.

"Sasa mmejua nini?" aliuliza, swali lake la kila mwezi.

"Kuhusu wizi, yote," alisema Jovina. "Kuhusu ugonjwa, kidogo sana. Tumepoteza mwezi mzima, Mzee Swalehe. Najua dawa ikiwa hai seli za Zena zinaotesha vishikio. Nani anavitumia vishikio hivyo, askari au saratani, bado sijui. Sitakudanganya."

"Zipo wapi?"

"Nini?"

"Hizo seli. Miaka miwili nazisikia. Sijawahi kuziona."

Jovina alimtazama Oliva, na Oliva akafungua mlango wa gari la polisi.

Chuoni, Mama Beata alizima taa bila kuuliza. Jovina akaweka kioo cha namba tatu chini ya darubini, akarekebisha, akasogea pembeni. Swalehe aliinama. Alikuwa mrefu mno kwa kiti kile, ikabidi apige goti moja sakafuni. Aliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama kwa la kulia.

Alikaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

"Zinang'aa," alisema. "Nilidhani zitakuwa mbaya. Nilidhani zitakuwa nyeusi."

"Kijani ni vishikio," Jovina alimwambia.

"Ndizo zilizomla mwanangu jicho?"

"Ndizo."

Swalehe hakuinua uso. Alisogeza mdomo karibu na chombo kile, kama mtu anayeongea na aliyejificha nyuma ya mlango, akasema kwa Kiswahili kinyoofu cha kwao, bila kupaza sauti:

"Haya. Nimewaona."